Yahesabiwe Kuwa Hayakutokea

Fundi alikuwa anasugua taya la juu la mwalimu mmoja mstaafu wakati siku yake ilipoharibika. Taya lenyewe lilikuwa la bandia, na mwenye nalo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mkono mdomoni, akisubiri kurudishiwa tabasamu lake kabla ya adhuhuri. Simu ikatetemeka kando ya bakuli la plasta. Fundi akaitupia jicho, akaweka msasa chini, akasoma.

Tamko lilikuwa fupi. Kampuni inayomiliki Merikebu ya Saba, ule mfululizo wa filamu za chombo cha angani ambao watu wa rika lake walikua wakiutazama, ilikuwa inawatangazia mashabiki wote kwamba filamu walizotengeneza wenyewe, hata zikiwa nzuri namna gani, si sehemu ya hadithi rasmi. Matukio yaliyomo ndani yake yahesabiwe kuwa hayakutokea. Chini kulikuwa na cheo cha aliyetia saini: Mhariri wa Hadithi.

Mhariri wa Hadithi ndiye mtu aliyetaka kumwoa. Mchana huohuo alikuwa anakuja nyumbani kwao pamoja na shangazi yake, kuzungumza habari za ndoa.

"Hayakutokea," Fundi alisema peke yake, taratibu, kama mtu anayeonja dawa chungu ili ajue vizuri ni chungu kiasi gani. Kisha akamaliza kazi ya mwalimu, akamvalisha meno yake, akamwambia atabasamu, akamsifu. Mwalimu hakuwa na kosa lolote.

Njiani kwenda nyumbani alitembea haraka mpaka akapita duka alilotakiwa kununua limau, ikabidi arudi. Hilo nalo akamhesabia Mhariri.

Mambo yalianzia kwenye filamu ya tatu ya kampuni. Humo rubani wa Merikebu anakufa, anaungua ndani ya chombo kidogo huku wenzake wakiangalia. Watoto wa wakati ule walilia, na wengi walikua wakasahau. Fundi hakusahau. Alipokuwa mtu mzima na kazi yake, alikusanya marafiki, akaazima kamera, wakatengeneza filamu yao wakaiita Rubani Hakufa. Mama yake alishona sare za mabaharia wa anga kwa mapazia ya zamani. Fundi aliigiza rubani, na kwa mikono yake akatengeneza meno ya viumbe wa ajabu, meno ambayo mpaka leo watu walikuwa wakimwandikia kuyaulizia.

Baba yake, ambaye maisha yake yote alikuwa akitengeneza redio, aliigiza mzee wa mitambo. Ni yeye anayesikia sauti ya rubani kwa mbali kwenye redio mbovu, na wenzake wanapomwambia ni upepo tu, anakataa kuondoka. Wakati huo koo lake lilikuwa limeshaanza kumsumbua. Sauti yake ilitoka kwa mikwaruzo kama bawaba yenye kutu, na baada ya kila maneno machache alisimama kuvuta pumzi. Alifariki kabla filamu haijaonyeshwa. Kwa hiyo Fundi na mama yake walipotaka kuisikia sauti yake, hapakuwa na pengine pa kuitafuta.

Siku ya kuionyesha, ndani ya ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki, mwanamume mmoja mrefu mwenye miwani alibaki nyuma watu wote walipotoka. Akamfuata Fundi pale mbele.

"Nilitaka tu kukwambia," alisema, "Merikebu ina milango mitatu. Yenu ina minne."

"Wa nne ni wa jikoni kwetu," Fundi alimjibu. "Hatukuwa na pengine pa kuweka kamera."

"Ndiyo. Nimeliona birika."

Fundi alitaka kumchapa kofi, akajikuta anacheka. Yule mwanamume naye hakuondoka. Akakunja viti mpaka kiti cha mwisho, akabeba furushi la mapazia mpaka kwenye gari, na alipoaga aliutazama uso wa Fundi kwa muda ambao haukuhitajika kwa mambo ya milango. Tangu hapo walipendana na tangu hapo walibishana. Fundi alitaka neno moja tu kutoka kwake, kwamba ile filamu inahesabika. Mhariri, mtu aliyeweza kubishana na saa ya ukutani mpaka saa ikajishuku, hakulitoa.

Wageni walifika kwa wakati, kwa sababu Mhariri hakujua kufika kwa namna nyingine. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaa kama karatasi. Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, mkuu wa wauguzi aliyestaafu, na aliingia sebuleni akiangalia mapazia, kochi na afya ya kila mtu.

"Karibuni, karibuni sana," alisema mama.

Wakakaa mezani. Kulikuwa na kuku, viazi na kachumbari iliyokatwa kwa hasira kidogo. Fundi aliweka sahani mbele ya Mhariri kwa kishindo kilichomfanya shangazi ainue macho.

"Umelala vizuri?" Mhariri alimuuliza kwa upole.

"Sijui. Labda nihesabiwe kuwa sikulala."

Mhariri akashusha kijiko. "Umeshaliona."

"Nimeliona nikiwa na meno ya mtu mkononi."

"Nilitaka nikueleze mwenyewe kwanza. Lilikuwa litoke wiki ijayo. Wamelitoa mapema."

"Kwa hiyo kosa ni kalenda."

"Sikusema hivyo."

"Hujawahi kusema kitu chochote, wewe. Kila siku ni ambacho hukusema."

Shangazi akafuta midomo. "Jamani, kuna nini? Nani kafanya nini?"

"Shangazi," Fundi alisema, akijilazimisha kuwa na adabu, "mwanao ameandika kwamba filamu ya baba yangu haipo."

"Sikuandika haipo. Niliandika haihesabiki. Ni vitu viwili tofauti."

"Uliandika hayakutokea."

"Ndani ya hadithi. Hayakutokea ndani ya hadithi. Hiyo ni lugha ya kazi tu. Hadithi ikiwa na waandishi mia, kesho rubani amekufa, keshokutwa ameolewa, mtondo ana mbawa. Lazima awepo mtu wa kusema hiki ni chetu na hiki si chetu."

"Na mtu huyo ni wewe."

"Ndiyo kazi yangu."

"Ngojeni kwanza," shangazi aliingilia. Alikuwa amekunja uso kama anayesoma cheti cha mgonjwa. "Hao watu wa kwenye hiyo merikebu, wapo?"

"Hawapo, shangazi," Mhariri alisema. "Ni hadithi."

"Hata wale wa kampuni?"

"Hata wale."

"Kwa hiyo mnagombana nani hayupo kumzidi mwenzake."

Siku nyingine Fundi angecheka. Mhariri alianza kucheka, akajiona yuko peke yake, akaacha. Ndipo mama, aliyekuwa muda wote akizungusha kiazi kwenye sahani, akaweka uma chini.

"Mume wangu alikuwepo," alisema.



"Baba," mama aliendelea, akimgeukia Mhariri, "mimi mambo ya kampuni siyajui. Lakini yule mzee alikuwa mgonjwa. Asubuhi anakunywa dawa, mchana anavaa pazia, anasimama pale mlangoni anasema maneno yake. Akikosea, anarudia. Namwambia pumzika, ananiambia, mtoto ananisubiri. Sasa nimemzaa binti mmoja. Nitamkabidhi vipi kwa mtu aliyeandika kwamba siku zile hazikutokea?"

"Mama, sikumaanisha siku zile."

"Hiyo filamu yenyewe, uliitazama vizuri?"

"Mara nyingi, mama."

"Kwa sababu ya kazi."

"Mara ya kwanza ilikuwa kazi."

Aliposema hivyo alimtazama Fundi, na Fundi akaujua ule mtazamo. Ulikuwa wa mtu aliyebana kitu nyuma ya meno. Alikuwa ameuona kwa majuma kadhaa sasa, kila walipofika kwenye habari hii. Kope zinashuka, kidole gumba kinasugua ukingo wa meza, kisha Mhariri anaanza kuzungumza habari nyingine. Zamani alidhani ni kiburi. Leo, kwenye mwanga wa mchana, ulifanana zaidi na woga.

"Njoo jikoni," alimwambia.

"Tuko mezani."

"Njoo jikoni, Mhariri."

Jikoni palikuwa na joto. Maji yalikuwa yanachemka na dirisha limejaa mvuke. Mhariri alisimama karibu na jokofu, mrefu kupita kiasi kwa chumba kile, asijue aweke wapi mikono.

"Sema," Fundi alisema. "Unachokificha kiseme sasa hivi. Nimechoka na wewe, unanielewa? Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Kama huniheshimu niambie, nikale chakula changu."

"Mkurugenzi aliipenda," Mhariri alisema.

"Alipenda nini?"

"Filamu yenu. Aliitazama ofisini, akaniita, akasema hii ni nzuri, tuiingize. Iwe rasmi. Rubani hakufa."

Fundi alizima jiko, kwa sababu alihitaji kufanya kitu. "Halafu?"

"Halafu ikakataliwa."

"Na nani?"

Mhariri alivua miwani. Bila miwani macho yake yalionekana madogo na yenye uchovu, na Fundi alikasirika kwa jinsi alivyoyapenda. "Na mimi."

"Rudia."

"Mimi ndiye niliyeshauri ikataliwe. Nilishauri kwa maandishi na kwa mdomo, mpaka akachoka. Ikiwa rasmi inakuwa yao, Fundi. Wanaikata wanavyotaka, wanaigiza upya wanapotaka. Na kitu cha kwanza walichotaka kutoa ni sauti ya mzee. Walisema haisikiki. Walikuwa wameshampata mwigizaji wa kuingiza sauti nyingine, nzito, safi." "Niliisikia hiyo sauti ya majaribio. Mdomo wa baba yako unafunguka, anatoka mtu mwingine. Nilishindwa kukaa kwenye kiti."

Maji yaliyokuwa yakichemka yalitulia. Sebuleni shangazi alikuwa akimuuliza mama habari za magoti.

"Wangeniuliza kwa nini nakataa hii peke yake," Mhariri aliendelea. "Kwa hiyo niliandika sheria ya zote."

Fundi alimwangalia. "Umezikataa filamu za mashabiki wote duniani kwa ajili ya sauti ya baba yangu."

"Sikuzikataa. Hazihesabiki tu."

Kitu kilimpanda Fundi kifuani, joto, na kwa sekunde moja alitaka kumshika shati lile la karatasi na kulikunja lote. Lakini nyuma ya lile joto kikaja kitu kingine, nacho hakikuwa kitamu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Zilikuwa siri za ofisi. Nimeapa."

"Hiyo ni nusu. Nusu nyingine?"

Mhariri alipangusa miwani kwa pindo la shati. "Niliogopa ungekubali."

"Ningekubali wamtoe baba sauti?"

"Ungekubali ili unishinde."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu hakuweza kuapa kwamba ni uongo. Alijikumbuka jioni nyingi, akigonga meza, akisema anachotaka ni neno moja tu, liwe kwa njia yoyote. Angeweza kukubali kabla hajasoma karatasi ya pili ya mkataba. Akavuta kiti, akakaa, akasimama tena.

"Huenda ningekubali," alisema. "Huenda ningekubali halafu nikajuta maisha yangu yote. Lakini filamu ni yangu. Baba ni wangu. Umenilinda kama mtoto anayenyang'anywa kisu, na mimi nashika visu kila siku, Mhariri, ndiyo kazi yangu. Hukuniuliza. Umenipenda vizuri sana, na hukuniuliza."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mama aliposema alikuwepo."

Fundi alijifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. "Mpigie mkurugenzi."

"Leo ni siku ya mapumziko."

"Mpigie. Nataka kujibu mwenyewe. Na mama asikie."

"Nitafukuzwa kazi."

"Inawezekana," Fundi alisema. Hakumsukuma zaidi. Alisubiri, na ndani ya kusubiri huko alikuwa akimwomba kwa nguvu zake zote asiwe mtu wa kusema hapana.

Mhariri alivaa miwani, akatoa simu mfukoni, akatangulia sebuleni.

Mkurugenzi alipokea akiwa bustanini, maana nyuma yake ilisikika mashine ya kukata nyasi. Mhariri aliweka simu katikati ya meza, kati ya kuku na kachumbari, sauti ikiwa wazi kwa wote.

"Samahani kwa usumbufu," alisema. "Nipo na mwenye filamu ya Rubani Hakufa. Mlipotaka kuichukua nilijibu kwa niaba yake bila kumuuliza, na wewe sikukwambia kwamba namfahamu. Naomba usikie jibu lake."

Mashine ya nyasi ilizimwa. "Unamfahamu kivipi?" iliuliza sauti ya mwanamke, taratibu.

"Nimekuja kumposa."

Shangazi alijiziba mdomo kwa kitambaa.

"Unaelewa maana ya hiki unachoniambia?"

"Naelewa."

"Mpe simu."

Fundi aliinama mezani. Mikono yake ilitulia kama inavyotulia akichonga jino la mbele. "Mheshimiwa, nina swali moja. Mkiifanya rasmi, sauti ya mzee wa mitambo itabaki?"

"Ile yenye mikwaruzo? Hapana, dada. Ile ingebidi tuibadilishe. Watazamaji hawatamwelewa."

"Mimi nilimwelewa," mama alisema.

"Huyo ni nani?"

"Mke wa mwenye sauti," Fundi alijibu. Alimwangalia mama yake. Mama alitikisa kichwa mara moja kukataa, taratibu, machozi yakiwa yameshajaa. Fundi akavuta pumzi. Neno alilolitafuta muda wote ule lilikuwa pale mezani, bure, lingeweza kuwa lake, na mara hii yeye mwenyewe ndiye aliyelikataa. "Basi hapana. Ahsante kwa kuipenda. Ila nina ombi. Mseme si sehemu ya hadithi ya kampuni, mwishie hapo. Hilo la kwamba hayakutokea liondoeni. Yalitokea. Yalitokea jikoni kwetu."



"Hilo nitaliondoa," mkurugenzi alisema. "Mhariri, Jumatatu asubuhi, ofisini kwangu. Kabla ya wengine."

Akakata.

Mhariri alikuwa amekaa wima, rangi imemtoka usoni, anaangalia simu kana kwamba mtu atatokea humo. Fundi alimtazama shingo yake nyembamba ndani ya ile kola iliyonyooka, akaona jinsi mshipa unavyopiga, akasikia hasira yake ya tangu asubuhi ikilegea bila ruhusa yake. Hiyo nayo ilimuudhi. Alikuwa amejiandaa kukasirika mpaka jioni.

"Watamfukuza?" shangazi aliuliza.

"Huenda," alisema Mhariri.

Shangazi alimgeukia mama, akatandaza viganja. "Mama mwenzangu, niliingia humu kuomba mke nikiwa na kijana mwenye kazi. Sasa naona naomba nikiwa na kijana tu."

Mama alijifuta macho. "Yule aliyeingia sikumpenda sana," alisema. "Huyu aliyetoka jikoni, kidogo namwona. Lakini si mimi ninayeolewa."

Wote wakamgeukia Fundi.

"Nina sharti," alisema Fundi. "Asiniamulie tena jambo langu. Hata kwa wema. Hata kama anaona shimo na mimi silioni, aniambie kuna shimo, niamue mwenyewe."

"Nimekubali," Mhariri alisema haraka. Kisha akafikiri. Fundi alimwona akifikiri, na akajua, kabla midomo haijafunguka, kwamba kitu kinakuja. "Ila kuna suala la dharura. Kwa mfano, kama hakuna muda wa kukwambia, na shimo lenyewe liko..."

"Mnamwona?" Fundi aliwaambia wote. "Hata hajanioa. Mnamwona mtu huyu?"

"Nauliza tu mipaka ya sharti."

"Shangazi, nimekubali. Nimekubali kuolewa naye. Naomba ihesabike sasa hivi, kabla hajafungua mdomo tena."

Mhariri alifungua mdomo. Shangazi akamwekea kiazi kikubwa kwenye sahani na kumwambia, "Kula."

Mhariri akala. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshafika chini ya meza, ukitafuta, na Fundi aliuacha utafute kidogo kabla ya kuushika. Ulikuwa wa baridi, wa mtu ambaye hakujua Jumatatu ataamkia wapi. Hakuuachia hata alipotaka kula nyama. Alimsogezea mama yake sahani, akamwomba amkatie.